Msusi mzungu na nywele za kipilipili: yaliyonikuta mimi Uingereza

Wakuu habari za jioni. Mleta mada anakwenda kusoma mji mdogo kaskazini mwa Uingereza mwezi wa tisa. Nywele zake hazina dawa ya kunyoosha, na swali lake ni moja: akikosa msusi mweusi, aingie saluni ya wazungu au akae na wigi mwaka mzima? Waliotangulia kumjibu wamegawanyika. Kuna wanaosema wazungu wote wabaguzi, beba wigi tatu. Na kuna kaka mmoja hapo juu anasema tatizo ni nywele zetu wenyewe, "ngumu mno". Mimi huku ni mwaka wa kumi na mbili sasa, ya kwanza kaskazini, iliyobaki Reading huku kusini. Kichwa changu kimepita mikononi mwa Waingereza, Mpolandi, Mghana, Mkongo, na Mturuki mmoja ambaye sitamsimulia.

Nianze na aibu yangu. Nywele zangu mwenyewe sikuwa nazijua. Tuliosoma shule za serikali Tanzania tunaelewana hapa: ni kunyoa tu, kuanzia darasa la kwanza mpaka unamaliza sekondari. Nilipomaliza kidato cha sita nikazifuga miezi michache, shangazi akanipeleka saluni Sinza, Dar, nikawekwa dawa. Baada ya hapo ni kuritachi, yaani kurudia dawa, kustimu na rasta, basi. Nilifika miaka ishirini na sita sijawahi kuziosha na kuzichana mwenyewe nywele zilizoota kama Mungu alivyoziotesha. Dada wa saluni alikuwepo, ya nini kujisumbua?

Huku hakukuwa na dada. Nilipanga nyumba moja na Mnaijeria aliyekuwa ananiwekea dawa jikoni, na aliporudi kwao katikati ya 2014 dawa ikaishia hapo. Kwa hiyo chini kukawa kunaota kipilipili na juu yake kuna singa ya dawa, na pale vinapokutana ndipo nywele zinapokatikia. Hilo sikulijua.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa kwanza 2015, wiki ya mahafali, nimefumua rasta, nataka zikae vizuri kwa ajili ya picha. Nikaweka nafasi mtandaoni kwenye saluni ya mtaani: kuosha na kukausha, pauni 28. Nilipofika, binti wa mapokezi hakuniangalia usoni, aliniangalia kichwani. Akatabasamu, akasema ngoja kidogo, akaenda nyuma. Nikawa nawaona kwenye kioo, watatu wanashauriana, kila mmoja anarudi nyuma nusu hatua, kama watoto wanaotafutana nani aende kubisha hodi kwa mwalimu mkuu. Akasukumwa mdogo kuliko wote.

Kuosha kulikwenda salama. Lakini maji yalipokolea, nywele zilizokuwa zinagusa mabega zikapanda zikakaa masikioni. Akashtuka. "Zimekwenda wapi?" Nikacheka, naye akacheka, mpaka hapo tulikuwa marafiki. Akachukua kitana chembamba, akaanzia mashinani kushuka chini. Nikasikia zinakatika, ule mlio wa tambi kavu zikivunjwa. Nikanyamaza. Kisha akachukua brashi ya duara, ile wanayozungushia nywele huku wanapuliza moto, akashika fungu la utosini, akazungusha mara tatu. Brashi ikaingia. Kutoka ikagoma.

Akavuta kidogo. Akazungusha upande wa pili, ikazidi kujifunga. Akaiachia, ikabaki imesimama utosini kwangu kama mwiko ulioachwa kwenye ugali uliopoa.

Wenzake wakaja, kisha mwenye saluni akaja na chupa ya mafuta. Dakika arobaini. Bibi mmoja kwenye kiti cha jirani alijifanya anasoma gazeti, ukurasa ule ule muda wote. Mwisho ukaja mkasi. Zikaondoka nywele eneo la kiganja cha mtoto, katikati ya kichwa. Binti alikuwa analia machozi kabisa, samahani, samahani, na mimi, hapa ndipo ninapojichukia, mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza. "Hamna shida, zitaota tu." Nikalipa pauni 28 zote na nikamwachia 5 za asante. Ile kofia ya mahafali niliivaa mpaka kwenye picha za ndani ya ukumbi wa chakula.

Kila nikisimulia hili watu wananiuliza: alikubagua? Yeye hapana. Tulikuwa wawili pale, na hakuna aliyekuwa anazijua nywele zile. Ila mmoja wetu alikuwa na cheti na ndiye aliyechukua hela. Kosa lilianzia alikokisomea hicho cheti. Kwa miaka mingi Uingereza nywele za aina yetu zilikuwa somo la pembeni, anayetaka anachukua, asiyetaka anahitimu na kufungua saluni bila kuwahi kuzigusa. Ni mwaka 2021 tu viwango vya taifa vya kazi hiyo viliporekebishwa ili nywele za aina zote ziwe sehemu ya mafunzo ya kawaida. Jimbo la New York kule Marekani nalo likapitisha sheria ya namna hiyo 2023. Maana yake ukimkuta msusi wa miaka arobaini mwenye saluni yake, uwezekano ni mkubwa kwamba alijifunza kwenye singa peke yake. Mkono umezoea kuanzia mashinani kushuka, kwa sababu singa haina ubishi. Zetu zinaanziwa nchani, kidogo kidogo kupanda juu, zikiwa na maji na kondishena imejaa, zimegawanywa mafungu. Ukianza kinyume chake umezikata, uwe mzungu, uwe shangazi yako.

Na hapa nimjibu yule kaka wa "ngumu". Kaka yangu, neno hilo tumelirithi kwa waliokuwa wanatuchana tukiwa tumebanwa katikati ya magoti, analia mtoto, anasonya mchanaji. Uzi mmoja wa kipilipili ukiukata na kuutazama kwa karibu si wa duara kama wa Mchina, umebonyea, na kila unapojikunja ni mahali pa kukatikia. Mafuta ya ngozi ya kichwa nayo hayashuki mpaka nchani kwa sababu njia ina kona nyingi. Zinaonekana ngumu kwa wingi wake tu, uzi mmoja mmoja ni dhaifu. Ndiyo maana ile brashi ilishinda.

Wapo lakini wa aina nyingine, na hao sitawatetea. Reading, 2018, niliweka nafasi kwa simu, nikafika kwa wakati, nikaambiwa kumetokea mkanganyiko, leo wamejaa. Sawa. Navaa koti mlangoni, anaingia mama mmoja wa kizungu, anauliza kama kuna nafasi, anakaribishwa kiti. Nilisimama na mkono mmoja ndani ya koti, mwingine nje. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza mtoa huduma kumbagua mteja kwa rangi yake, na nilikuwa naijua vizuri, nafanya kazi ofisi ambayo imebandikwa ukutani. Sikushtaki. Nilikwenda kununua chipsi. Mnaonisema mseme tu. Kuna nyingine walitaka kunitoza zaidi kwa kuwa nywele ni nene, kabla hawajazigusa.

Aliyenishangaza ni Mpolandi. Saluni ndogo ya viti viwili, nyuma ya kituo cha basi, 2019. Niliingia kwa sababu ya mvua tu, nikauliza kwa shari kidogo, maana nilishachoka: "Nywele kama zangu unaziweza?" Akaniangalia, akafuta mikono. "Hapana. Nimewahi kuosha mbili tu. Lakini leo sina mteja. Wewe nyumbani unafanyaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata Sinza.

Nikamwambia. Kwa kuwa mpaka wakati huo nilikuwa nimeshajifunza kwa shida zangu, nilikuwa na la kumwambia. Akaomba ruhusa kabla ya kugusa. Akaniacha nigawe mafungu mwenyewe, manane, yeye akawa anabana vibanio. Nilipomwambia sasa anzia nchani, alianzia nchani, na kila alipokuta fundo alisimama na kulifungua kwa vidole. Saa mbili na nusu. Tuliongea habari za mama yake na mama yangu, wote wawili kumbe wana kisukari. Akanipunguza ncha zikiwa kavu, si mbichi, kwa sababu nilimweleza kwamba mbichi zinadanganya urefu. Alinitoza bei ya kawaida. Nilirudi kwake kila baada ya miezi mitatu mpaka alipohamia kwao baada ya korona, na mara ya pili nilipokwenda nikakuta amenunua chanuo pana la meno makubwa. Hakuniambia. Lilikuwa tu pale kwenye glasi, pamoja na vitana vingine.

Sasa msije mkadhani ukimpata mweusi mwenzio umefika. Mghana wangu wa London alikuwa na mkono wa dhahabu, lakini ukiambiwa njoo saa nne asubuhi unaanza kusukwa saa nane, na katikati anapokea simu, anakula, anauza vitenge. Alinibana rasta za mbele mpaka nikalala nimekaa siku mbili. Nilipolalamika aliniambia urembo una gharama. Kingo zangu, zile nywele za pembeni mwa uso, upande wa kushoto mpaka leo hazijarudi sawa. Yule binti wa brashi alinikata kiganja kimoja kikaota, huyu alininyoa polepole kwa miaka miwili na nikawa namshukuru. Kuhusu dawa ya Sinza iliyonichoma nyuma ya sikio, nikatoka malengelenge nikaambiwa "vumilia ndiyo inashika", hata sijaanza.

Kwa hiyo mdogo wangu, jibu langu. Kwanza, kabla hujapanda ndege, mwezi mzima wa nane kaa na msusi wako hapo Dar ujifunze. Jifunze kusuka mtindo wa twende kilioni kwenye kichwa chako mwenyewe, mbele ya kioo, mpaka mikono izoee. Zitatoka mbaya, usijali, huku unavaa kofia miezi sita. Kusuka mabutu na kufunga nywele kwa nyuzi nako usikudharau, nyuzi zinanyoosha nywele bila moto na huku zitakuokoa. Bei ya kusuka London itakushtua. Mimi rasta za katikati nimelipa mpaka pauni 120, na kutoka huko uendako nauli ya treni ni juu yako. Maduka ya vifaa vya nywele zetu yapo miji mikubwa, mengi ni ya Waasia, na rasta utazipata, lakini wauzaji wengine hawajui wanachouza. Usiulize ushauri kaunta.

Saluni ya wazungu usiikimbie, ila usikae kwenye kiti kwa heshima. Sisi tuna ugonjwa huo, mtu anakuumiza unamwambia hamna shida. Piga simu kwanza na useme wazi nywele zako ni za Kiafrika, za kujikunja, hazina dawa. Wengi huku wanatumia zile namba za aina za nywele zilizoanzia kwa Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, ukisema 4C, yaani kipilipili kilichojikunja sana, anayejua ataelewa, na asiyejua utasikia kimya kwenye simu. Muulize mara ya mwisho ameshika nywele kama hizo lini. Akisema "huwa tunafanya za aina zote" kwa haraka haraka, mimi ningeaga. Akisema hajawahi, hapo mnaweza kuongea. Ukifika mwangalie ameshika nini mkononi kabla hajakugusa. Ukiona kitana chembamba au brashi ya duara, nyanyuka. Kweli, nyanyuka na taulo lako shingoni.

Maji nayo. Kaskazini sehemu nyingi maji ni laini, huko hutapata shida. Ukija kutembea kusini, London na Reading, maji yana chokaa, utaiona kwenye birika, na nywele zinakauka zinakuwa kama katani. Nilipohamia nilidhani naumwa.

Na ukibanwa kabisa, Manchester kuna dada mmoja wa Bukavu, Kongo, anasukia nyumbani kwake. Kiswahili chake ni cha kwao. Siku ya kwanza alishika kichwa changu akasema "mama, nywele yako iko nguvu", nikajiandaa kukasirika, kumbe alikuwa anasifia. Havuti, na akikuta fundo anaimba. Namba yake siiweki hapa hadharani, njoo inboksi ukishafika. Mpigie kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo mikono ina kazi na simu anaiacha inalia.