Mtoto amebadilika? Muulize tangu lini

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwanafunzi akikonda na kuacha kucheka, majirani wana jibu tayari: wamemtegea karuho, yaani sumu ya kisirisiri. Akiweweseka usiku ni mapepo, apelekwe chumba cha maombi. Akisinzia darasani ni mvivu. Nafundisha sekondari, na hayo yote matatu nimeyasikia juu ya mtoto mmoja.

Mimi si daktari. Ninachotaka wanafunzi wangu wajue ni kutofautisha shida ya kupita na ugonjwa wa akili. Woga wa mtihani wa serikali hupita mtihani ukipita. Kumlilia bibi aliyefariki ni msiba, si ugonjwa. Na tangu waasi wa M23 walipouchukua mji Februari 2025, kuna wanaoruka dawati likifungwa kwa kishindo. Mwili uliosikia risasi hukawia kutulia, ila wengi hutulia polepole. Basi nauliza: tangu lini? Na inakuzuia kufanya nini? Huzuni ya karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umepotea, chakula hakipandi, hata mpira aliokuwa akiupenda hautaki tena, huyo aonwe na mtu wa afya. Wazazi wengi husubiri mpaka mtoto avue nguo barabarani ndipo wakubali kwamba anaumwa.

Siku moja, kabla ya somo la hesabu, msichana mmoja alianza kuhema, vidole vinamchonyota, anasema anakufa. Wenzake wakamzunguka: huyu anammwagia maji, yule anakemea kwa jina la Yesu, mwingine kashika simu anapiga video. Niliwatoa wote kwanza. Nikakaa naye chini, mgongo ukutani, nikamwomba avute pumzi kidogo kwa pua na kuitoa taratibu kama anayepoza chai. Hofu ya namna ile hupanda ghafla, ikashuka yenyewe baada ya dakika kadhaa. Lakini ikiwa mara ya kwanza, mtoto apimwe, maana pumu na shida za moyo zinaweza kuonekana vilevile. (Na ile video ifutwe palepale, mbele yako.)

Jambo ambalo walimu wenzangu hawalipendi ni kumuuliza mtoto waziwazi kama anafikiria kujiua. Wanaogopa kumtia wazo kichwani. Swali halimtii wazo. Mara nyingi ndilo linalomfungua mdomo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu ya panya karibu naye, mfikishe kwa muuguzi au daktari siku hiyohiyo. Wanafunzi nao nawaambia: siri ya mapenzi mtunzie rafiki yako, hii usimtunzie hata akikuapisha. Mtafute mtu mzima unayemwamini, na asipokusikiliza, tafuta mwingine.

Hospitali ya magonjwa ya akili tunayo, Sosame, ya Mabruda wa Upendo. Bahati mbaya vijana wamegeuza jina hilo tusi: "Wewe, peleka kichwa Sosame!" Darasani kwangu likitamkwa hivyo, nasimamisha somo. Anayelisikia kila siku atakubalije kupita lango lile, hata akikesha mwezi mzima? Ukiogopa macho ya watu, anzia kituo cha afya cha mtaani kwenu. Mwambie muuguzi tangu lini, na umeshindwa kufanya nini. Ikihitajika, yeye atakuandikia barua ya kukutuma mbele.