Kwaresma nyumbani: vile tulianza vibaya, na vile tunafanya sasa

Mwaka wa kwanza niliamua familia yangu itafunga Kwaresma, zile siku 40 kabla ya Pasaka, vizuri nilikosea sana, na wacha nianze hapo kwa sababu naona wamama wengi kwa jumuiya yetu hapa Kisumu wakipitia njia ileile. Jumatano ya Majivu jioni, siku Kwaresma inaanza, tumetoka kanisani, majivu bado kwa paji la uso, nikatangaza: hakuna nyama, hakuna sukari, hakuna TV, hakuna soda, mpaka Pasaka. Baba watoto alikuwa bado kazini, hata hakuulizwa. Kufika Ijumaa ya pili nyumba nzima imenuna, mimi nafokea kila mtu, kitinda mimba analia chai haiingii bila sukari, halafu kifungua mimba wangu akaniuliza polepole tu, "Mama, hii Kwaresma ni yetu ama ni yako?"

Sikuwa na jibu. Nililala na hilo swali.

Siku hizi wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu tunakaa baada ya chakula cha jioni, TV imezimwa, na kila mtu anajichagulia kitu chake kimoja, halafu tunachagua kimoja cha nyumba nzima. Mtu asichaguliwe na mwingine, hata kama ni mtoto wa miaka saba. Mwaka jana huyo wa miaka saba alichagua kutopigania kiti cha dirishani tukipanda matatu, na mimi nilitaka kumwambia hiyo si kitu, nikanyamaza, na kweli nilimwona akiumia nayo kila tukipanda. Baba watoto aliacha kuenda kuangalia mpira jioni akawa anarudi moja kwa moja, na nadhani hiyo ndiyo ilisaidia nyumba yetu kuliko sukari yote tuliyowahi kuacha.

Na wazazi, tusilazimishe watoto wadogo kukaa njaa, Kanisa lenyewe halijawaagiza. Kwa sisi Wakatoliki kuacha nyama kunaanzia miaka 14, na ule mfungo wa mlo mmoja kamili ni wa miaka 18 hadi 59, tena ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Jumapili pia hazihesabiwi. Toka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, ukitoa Jumapili 6 unapata zile 40. Watoto wangu wanajua hesabu hii kuliko hesabu ya shule, na chai ya Jumapili asubuhi inanywewa kwa furaha ambayo sijaona Krismasi.

Sasa kuna hii mambo ya samaki. Hapa kwetu kando ya ziwa, kusema Ijumaa hatuli nyama si kujinyima, kwa sababu mtu anashukisha ngege mzima wa kukaanga na ugali moto, anapangusa mdomo, anasema amefunga! Sheria hajavunja, samaki hahesabiwi nyama, lakini mimi roho yangu inakataa. Kwa hivyo Ijumaa zetu ni omena, wale dagaa wadogo wa ziwa, ama ndengu. Omena tunachambua pamoja kwa sinia, watoto wanatoa mchanga na vile vijiti vidogo, mimi namwagia maji moto, nakamulia ndimu, kitunguu na nyanya basi. Ile kazi ya kuchambua inachukua karibu nusu saa na hapo ndipo watoto wangu wanaongea, mambo ya shule, nani amemkosea nani, vitu hawaniambii siku ingine.

Ile pesa ningenunua nayo ngege inaingia kwa mkebe wa Kimbo ulio juu ya kabati, pamoja na ya sukari. Hapa nasimama imara: bila huo mkebe umepunguza tu mwili, hujafunga. Somo la Ijumaa ya kwanza kabisa ya Kwaresma ni Isaya 58, linasema wazi mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Na amueni mapema pesa ni ya nani. Mwaka tuliosema tu "ni ya maskini" mkebe ulikaa nusu, mwaka tuliosema ni ya nyanya fulani jirani anayelea wajukuu peke yake, watoto walikuwa wanaweka hadi shilingi zao za mandazi. Tuliwaonya tu wasiende kutangaza kwa ploti, ile Injili ya Jumatano ya Majivu, Mathayo 6, inakataza hiyo.

Njia ya Msalaba nayo, ile sala ya kumfuata Yesu kituo kwa kituo hadi kaburini, nyumbani ilitushinda mwanzoni, vituo 14 kwa mpigo mtoto analala kituo cha nne. Halafu nikahesabu Ijumaa nikapata ziko 7, ukianza na ile inayofuata majivu ukamalize na Ijumaa Kuu. Vituo viwili kila Ijumaa, na Yesu anawekwa kaburini Ijumaa Kuu yenyewe. Watoto wanachora nyuma ya karatasi za kalenda ya zamani tunabandika ukutani, viwili viwili. Ijumaa ya tatu ni Simoni wa Kirene anayemsaidia Yesu kubeba msalaba na Veronika anayempangusa uso, na jioni hiyo kijana wangu alitoka bila kuambiwa akaenda kumbebea yule nyanya mitungi ya maji.

Mama mkwe wangu, dani ya watoto, ni Msabato na kwao hakuna Kwaresma. Niliogopa ataona tunamsukuma. Lakini Ijumaa jua likizama ndiyo Sabato yake inaingia, kwa hivyo yeye anafungua kwa wimbo wake wa Kijaluo, sisi tunaimba naye, kisha anakaa tukisoma vituo vyetu. Hakuna aliyempangia.

Kitu cha mwisho, na fanya hii wiki: angalia nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu hapo ukutani, yale matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana kama yako, mpe mtoto ayarudishe kanisani kabla ya Jumatano ya Majivu. Mwambie ndiyo yatachomwa yawe majivu, halafu akipakwa ataangalia paji lako na lake atajua yametoka kwenu.