Mashahidi wanakimbia kwa sababu hakuna anayewaambia kitu

Mkuu, umesema mmepata samansi (wito wa mahakama) mkatoe ushahidi kwenye kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha mtaani kwenu, wenzako wamegoma kwenda, na unauliza kama kuna faida. Niliwahi kuwa mjumbe wa serikali ya mtaa huku Mbagala, Dar es Salaam, na nimetoa ushahidi kwenye kesi mbili za aina hiyo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kesi ya kwanza ilituchosha mno. Tulikuwa mashahidi watano. Unapigiwa simu jioni, kesho uwe mahakamani saa mbili. Unafunga genge, unatoa nauli yako, unakaa kwenye benchi hadi mchana, unaambiwa kesi imepigwa kalenda. Mara nne hivyo. Mwendesha mashtaka alikuwa anatupita koridoni na mafaili kwapani, hata salamu hana. Safari ya tano wawili wetu hawakwenda, na haikuchukua muda DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, akawa hana nia ya kuendelea na shauri. Taarifa hiyo tuliipata kwa washtakiwa wenyewe, tulipowakuta wamekaa kijiweni. Miezi michache baadaye kijana mwingine akakamatwa na simu ya wizi, watu wakamvisha tairi. Nilipiga kelele wamwache. Wakanijibu, "Mjumbe, wale uliowapeleka mahakamani wako wapi?" Sikuwa na jibu. Yule kijana alikufa mbele yangu, na mpaka leo sipiti njia ile usiku.

Kesi ya pili, wakala wa miamala alikatwa panga mkono usiku wakati anafunga kibanda. Wakakamatwa vijana watatu. Safari hii faili alikuwa nalo wakili wa Serikali, dada mmoja mpole, na alituita ofisini kwake mmoja mmoja kabla ya tarehe. Akanipa maelezo yangu ya polisi niyasome. Yalikuwa yameandikwa kwamba nimewatambua wote watatu "kwa msaada wa mwanga wa umeme". Akasogeza karatasi nyeupe. "Baba, nichoree kile kibanda. Taa ilikuwa wapi?" Nikachora. Balbu au tyubu? Ulisimama hatua ngapi? Uliwaona kwa muda gani? Ulikuwa unawafahamu kabla? Kalamu ilipofika kwenye mwembe, mkono wangu ukasita. Aliyesimama chini ya taa alikuwa mmoja tu. Wawili walikuwa nyuma ya mwembe, gizani, na majina yao niliyasikia asubuhi kwa watu.

"Basi mahakamani sema hivyo hivyo," akaniambia.

Akanieleza kuwa maswali yale hakuyatunga yeye. Mahakama ya Rufani iliyaweka mwaka 1980 kwenye kesi ya Waziri Amani: ukidai umemtambua mtu usiku, eleza mwanga, umbali na muda uliomtazama. Na kosa lenyewe halina dhamana, adhabu yake si chini ya miaka 30. Nilitoka pale natetemeka, maana nilikuwa tayari kuwataja wote ili nisionekane msaliti.

Wale wawili wakaondolewa mashtaka, mtaa ukachafuka. Mwenyekiti akamwomba yule dada aje kwenye mkutano wa mtaa, naye akaja. Mtu wa kwanza kusimama alimuuliza amekula shilingi ngapi. Hakukasirika. Alieleza ushahidi uliokuwepo na usiokuwepo, akasema kuondolewa shtaka namna ile si kushinda kesi, ushahidi ukipatikana wanaweza kushtakiwa upya. Alijibu maswali mpaka magharibi. Wapo walioondoka bado wamenuna. Lakini tarehe ya kesi ilipofika, mashahidi wote tulikwenda, na yule wa chini ya taa akatiwa hatiani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema humu kwamba tunachohitaji ni waendesha mashtaka wakali. Ukali tunao. Wakati wa panya road, vile vikundi vya vijana waliovamia na kupora watu, kila mtu alikuwa mkali. Tulichokosa ni mtu wa kutuambia kesi imefikia wapi. Zamani kwenye mahakama za wilaya polisi walipeleleza na polisi haohao wakaendesha mashtaka. Sheria ya mwaka 2008 iliyaweka mashtaka chini ya ofisi ya DPP, sasa kuna jicho jingine linalosoma faili, na jicho hilo lina kazi pale tu likikutana na shahidi ana kwa ana.

Kwa hiyo wewe nenda, ila usisubiri tarehe. Chukua namba ya kesi, nenda ofisi ya mashtaka ya wilaya, ulizia wakili mwenye faili lenu. Kama kuna aliyekutishia, mweleze siku hiyohiyo na uombe iandikwe. Ipo sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015, lakini haitakusaidia kama hakuna anayejua umetishwa. Ulizia na nauli, usione aibu. Kisha omba usome maelezo yako neno kwa neno, na kama kuna jambo limeandikwa humo ambalo hukuliona kwa macho yako, mwambie kabla hujapanda kizimbani.