Shoga zangu wa chama wataka nimalize mogeji mapema, je yafaa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni nesi hapa Mombasa. Miaka 6 iliopita tulichukua mogeji, yaani mkopo wa kununua nyumba, ya milioni 4 kwa jina langu, asilimia 13, miaka 15, nalipa kama 50,600 kila mwezi. Sasa nimejua uzito wa riba na sina raha, hata nikiswali ndani ya nyumba hio moyo wasitasita. Nlipoenda benki kuuliza nikaambiwa bado milioni 3.2 na kidogo! Nina milioni 1.1 nlizokuwa naziwekea Hija. Chama chetu tuko wanawake 20, tumeweka elfu 5 kila mwezi kwa miaka 3 tununue kiwanja Mtwapa na hatujapata, sasa wenzangu wasema wanikopeshe milioni 2.1 nimalizane na benki, niwarudishie elfu 35 kwa mwezi. Mweka hazina asema niongeze laki 2 juu kwa sababu shilingi yashuka. Mwengine asema anipe zakaa yake. Wawili katika sisi ni wakristo. Na kusema kweli naona haya watu wote kujua deni langu. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah ukhti yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili na nataka nianze na hapo mwisho, pa haya, manake naona ndipo panapokuumiza zaidi.

Salman Al-Farisi radhiallahu anhu alikuwa mtumwa Madina, na utumwa huo ndio uliomkosesha vita vya Badri na Uhud. Mtume swallallahu alayhi wasallam akamwambia andikiana na bwana wako, yaani mkubaliane bei ya kujikomboa. Bwana wake akataka miche 300 ya mitende ipandwe ishike, na juu yake uqiya 40 za dhahabu, uqiya ni kipimo cha uzito cha zamani. Salman hana kitu. Mtume hakumwambia nenda ukajikaze kimya kimya, aliwageukia maswahaba akawaambia msaidieni ndugu yenu, na huyu akaja na miche 30, huyu 20, huyu 15, huyu 10, kila mtu kwa kadiri yake mpaka ikatimia 300, na Mtume akaipanda kwa mkono wake mwenyewe. Imepokewa na Imam Ahmad. Sasa wewe niambie, hao shoga zako 19 wanaokuja na miche yao wana tofauti gani?

Na iko nyengine ambayo yakuhusu hata zaidi, ni ya mwanamke na ni ya malipo ya mafungu kama yako. Barira alikuwa mjakazi, ameandikiana na mabwana zake uqiya 9, kila mwaka moja, akaenda kwa bibi Aisha kuomba msaada. Aisha akamwambia wakikubali wenyewe ntawahesabia zote kwa mara moja. Iko ndani ya Bukhari. Miaka 9 ya mafungu, mtu ajitokeza asema leta nimalize leo, na wewe pia umebakisha miaka 9, subhanallah. Kwa hivyo kumaliza deni mapema kwa mkono wa wenzako si jambo la kuombea radhi, ni jambo lililofanyika nyumbani kwa Mtume.

Tuje kwenye mogeji yenyewe. Sitakuficha, ilikuwa ni mkataba wa riba na hadithi ya Jabir ndani ya Muslim iko wazi, amelaaniwa mwenye kula riba na mwenye kuilisha na mwandishi wake na mashahidi wake wawili, na akasema wote ni sawa. Wewe ulikuwa ni mwenye kuilisha. Lakini umejuta na wataka kutoka, na huko ndiko kutubia kwenyewe, na Allah amesema katika Baqara aya 275 mwenye kufikiwa na mawaidha akakoma basi yake ni yaliyopita na amri yake iko kwa Allah. Nyumba yenyewe ulinunua kwa muuzaji kwa bei ya halali, kilichoharibika ni ule mkopo, sio matofali. Swali ndani yake bila wasiwasi.

Wengi hawaelewi kwa nini nawasukuma watoke mapema badala ya kungoja mkataba uishe, basi angalia hesabu yako wewe mwenyewe. Ule mwezi wa kwanza katika elfu 50 na kitu uliolipa, kama elfu 43 ilikuwa ni riba na elfu 7 tu ndio iliopunguza deni. Ndio maana miaka 6 umeshatoa zaidi ya milioni 3.6 na deni limeshuka hata laki 8 hazijatimia. Ukiendelea hivohivo kwa miaka 9 iliobaki utalipa kama milioni 5.46, na ndani yake riba ni kama milioni 2.25. Hizo milioni 2 na robo hujazilipa bado! Yaliyopita yamepita lakini hizi za mbele ziko mikononi mwako, na kila mwezi unaopita waongeza nyengine, sasa mtu ambaye ana njia ya kuzikata halafu akangoja, atakuwa na hoja gani?

Wengine huuliza, je kulipa mapema ukapunguziwa si ile mas-ala ya "punguza uharakishiwe" ambayo wanazuoni wamehitilafiana? Hapana, ile ni kwenye deni la haki ambalo mwenyewe apunguza kwa sababu umewahi. Hapa kinachoondoka ni riba ambayo benki haikuwa na haki nayo tangu mwanzo, na haki yao kisharia ni rasilmali tu, "hamdhulumu wala hamdhulumiwi", aya 279. Ila uliza kwanza kwa maandishi hesabu kamili ya kumaliza, na uangalie mkataba wasema nini juu ya notisi, manake Sheria ya Ardhi ya 2012 yaruhusu benki iweke sharti la notisi ya mwezi mmoja au riba isiozidi mwezi mmoja ukitaka kuondoa rehani kabla ya muda. Toa notisi mapema usije ukalipa hio riba ya mwezi bure.

Sasa chama. Kuchanga pamoja si jambo geni kwa fiqhi yetu ya Shafi. Qalyubi, mwanazuoni wa madhehebu hayo, ametaja ule mchezo wa wanawake, kila mmoja atoa kiasi kila wiki au kila mwezi apewe mmoja mmoja mpaka waishe, akasema wafaa kama alivosema Waliyyuddin Al-Iraqi, na huyo alikufa mwaka 826 Hijria, yaani miaka mia sita nyuma walishakuwa na mchezo! Chama chenu kidogo ni tofauti kwa sababu pesa zimekaa pamoja, na hapa pana kitu wengi hukipuuza. Hio milioni 3.6 mliokusanya nyote 20 ni mali ya shirika, kila mmoja ana laki 1 na elfu 80 yake mle. Kura ya wengi haitoshi, wala mwenyekiti hawezi kuamua kwa niaba ya alonyamaza, lazima kila mmoja aseme kwa ulimi wake nimekubali, na asiyetaka atolewe pesa yake bila kununiwa. Mtu akikukopesha kwa kuona haya basi ile si ridhaa.

Na jengine, hio laki 1 na elfu 80 yako wewe mwenyewe kwa nini ukope? Omba uitoe kwanza. Deni litabaki milioni 1.92 kwa wenzako 19, na kwa elfu 35 kwa mwezi utamaliza kwa miezi 55 badala ya 60. Halafu utakuwa walipa kidogo kuliko unavolipa benki sasa na kwa nusu ya muda ule.

Laki 2 za mweka hazina, hapana. Hapo nasimama kabisa ukhti. Mkopo wowote uliowekewa sharti la faida ni riba, na hili wanazuoni hawakuhitilafiana, iwe ni benki kubwa au ni shoga yako mlokua pamoja. Utakuwa umetoka riba ya asilimia 13 ukaingia riba ndogo ya nyumbani. Mwambie kwa upole, manake shilingi kushuka ni kweli na namwelewa, lakini mwenye kutaka faida afanye biashara, na mwenye kukopesha amkopeshe Allah. Akiona ataumia asiingie, na hana dhambi.

Lakini je ukimaliza kulipa ukataka mwenyewe kuwapa kitu? Hio ni Sunna. Mtume alimkopa mtu ngamia mdogo, wakati wa kulipa hakukupatikana ila mkubwa zaidi, akasema mpeni, hakika mbora wa watu ni mbora wao wa kulipa. Sharti isiwe ilisemwa wala isiwe ni ada ya chama chenu kwamba kila anaekopa hurudisha na "kishukurani", kwa sababu kilichozoeleka ni kama kilichoshurutishwa. Na ile faini ya kuchelewa ambayo vyama vingi wanayo, iondoeni kwenye deni hili, manake "ulipe ama uongeze" ndio riba ya kijahilia yenyewe. Ukikwama kweli, aya 280 yasema ungojewe mpaka upate wasaa.

Wale wenzenu wakristo hakuna tatizo lolote. Mtume alifariki na deraya yake iko rehani kwa myahudi kwa pishi 30 za shayiri. Wakopesheane na mshukuriane.

Zakaa usichukue. Una mshahara, una milioni 1.1 mkononi, na wako wadaiwa hapa Mombasa ambao hata unga hawana, fungu la wadaiwa ni la wale. Akitaka kukupa sadaka, sawa.

Andikeni. Aya ya 282 ndio aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur-ani na yote ni kuandika deni, kiasi, muda, mashahidi, na msione ati sisi ni marafiki. Hapa nakusisitiza kwa sababu mikopo mingi ya benki ina bima, mtu akifa deni lalipwa, lakini deni la shoga zako halina bima, ukifa leo usiku liko shingoni mwako na kwenye mirathi yako kabla watoto hawajagaiwa chochote. Basi liandike kwenye wasia wako wiki hio hio utakayopokea pesa, mume ajue, na mtoto mkubwa ajue. Pesa zikilipwa fuatilia benki waondoe rehani na wakurudishie hatimiliki, usikae na risiti tu ukasema imeisha.

Imebaki Hija, najua ndio inayokuuma kuzitoa hizo milioni 1.1. Katika madhehebu yetu uwezo wa Hija huhesabiwa baada ya kutolewa deni, liwe limefika muda au halijafika, kwa hivyo kwa pesa hizo na deni hilo juu yako Hija haijakuwajibikia bado, na kuzitoa kwenye riba hujaikosea Hija kitu. Lipa kwanza. Miezi 55 ikiisha, hizo elfu 35 ulizozoea kuzitoa anza kuziweka kwa niya ya Makka, na tukiwa hai niandikie tena tuiangalie hesabu pamoja. Wallahu aalam.