Bolti ya usalama kukatika kila mara kwenye mashine ya kufyekea nyasi

Ndugu, umeuliza kama uweke bolti ngumu zaidi kwa kuwa bolti ya usalama ya mashine yako ya kufyekea nyasi inakatika kila siku. Tafadhali usifanye hivyo. Bolti hiyo imewekwa ikatike ili giaboksi na shafti vipone. Ukiweka ngumu, kitakachovunjika ni giaboksi. Tumia saizi na ugumu ule ule ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine.

Mimi ningeanza na tundu la bolti. Likiwa limelika na kuwa la yai, bolti inacheza, inagongwa kila mzunguko, mwishowe inakatika hata bila kukutana na kisiki. Tundu likiwa hivyo, badilisha flenji (kile kipande cha chuma chenye tundu hilo); kukaza nati tu hakutasaidia.

Halafu angalia unavyowasha PTO (shafti ya trekta inayozungusha mashine). Iunganishe wakati injini iko silensa (inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta), kisha panda polepole hadi mizunguko 540 kwa dakika (au ile iliyoandikwa kwenye mashine yako). Ukiunganisha kwa resi kubwa, uzito wote wa visu unaiangukia bolti kwa mpigo. Nyasi zikiwa ndefu, inua mashine kidogo na upunguze mwendo. Noa visu pia.

Kabla ya kugusa chochote: zima injini, chomoa ufunguo, subiri visu visimame kabisa.