Spika za Stendi na Uanaume Unaouzwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa bodaboda, nina umri wa miaka 29 na sina tatizo lolote la kiafya. Hata hivyo, kila ninapoegesha stendi nasikia spika ikitangaza dawa za kurudisha heshima ya ndoa, na wenzangu kijiweni husema asiyezitumia si mwanaume kamili. Je, uanaume huo mtu huzaliwa nao, au umetungwa na watu?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu yetu, mwili wa kiume umezaliwa nao, lakini masharti yanayoambatanishwa nao yamewekwa na watu, na watu haohao huyabadilisha yanapoacha kuwafaa. Wakati wa ukoloni, kupika, kufua na kupiga pasi katika nyumba za Wazungu hapa Dar es Salaam zilikuwa kwa sehemu kubwa kazi za wanaume, na waliozifanya walikuwa baba na waume kama wengine. Leo kijana akionekana uani anafua nguo za mkewe, majirani husema amelishwa limbwata.

Masharti yanayoweza kubadilishwa na jamii yanaweza pia kuongezwa na mfanyabiashara. Sigara ya Marlboro ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1924 ilitangazwa kuwa sigara laini ya kina mama. Miaka ya 1950, hofu ya saratani ilipowafanya wavutaji watake sigara zenye kichungi, ambazo wanaume wengi waliziona za kike, kampuni ya matangazo ya Leo Burnett ya Chicago iliivika Marlboro sura ya mchunga ng'ombe aliyepanda farasi, na mauzo yakapanda mno. Moshi ulibaki moshi: Wayne McLaren, mmoja wa waliopigwa picha za matangazo hayo, alifariki mwaka 1992 kwa saratani ya mapafu.

Spika ya stendi hufuata njia hiyohiyo, ila yenyewe huanza kwa kukutia shaka. Ikiwangoja wagonjwa peke yao, wateja watakuwa wachache. Ikimshawishi kila mwenye afya kwamba ana upungufu, stendi nzima inakuwa soko. Ubaya ni kwamba hofu yenyewe humwangusha mtu faraghani, kisha muuzaji akaitumia kama ushahidi kwamba alisema kweli. (Supu ya pweza sina ugomvi nayo, ni kitoweo kizuri, na muuzaji wake anastahili riziki yake.)

Sisemi kwamba tatizo hilo halipo. Sildenafil, dawa iliyokuwa ikifanyiwa majaribio kwa ajili ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kutibu upungufu wa nguvu za kiume, na imewasaidia wengi chini ya uangalizi wa daktari. Hatari iko kwenye vichupo visivyo na maelezo, kwa sababu baadhi ya dawa zinazoitwa za asili zimekutwa zimechanganywa na kemikali hiyo kwa siri, nayo ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha huweza kushuka kiasi cha kuua.

Wewe huna ugonjwa, kwa hiyo huna cha kununua. Siku ukiona mabadiliko ya kweli yasiyoisha, anzia hospitali kwa kupima sukari na presha, kwani wakati mwingine maradhi hayo hujitokeza kwa dalili hiyo kabla ya nyingine.