Umepata nafasi ya mhusika msaidizi: ya kujua kabla hujafika seti

Ukishapewa nafasi ya daktari, dereva au dada wa mhusika mkuu, usianze kwa kuhesabu mistari yako. Beatrice Straight alitwaa Oscar ya mwigizaji msaidizi mwaka 1977 kwa nafasi ya dakika 5 hivi, na Judi Dench mwaka 1999 kwa dakika zisizofika 10. Soma skripti nzima, hata kurasa usizokuwemo. Kisha pembeni ya kila sini yako, yaani kila tukio unalotokea, andika kwa penseli: natoka wapi, najua nini mpaka sasa, nataka nini kwa huyu ninayeongea naye. Sini hazirekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Asubuhi mnaweza kurekodi ya 42 na mchana mkarudi ya 7, na bila maandishi hayo mwigizaji mgeni huingia kwenye ya 7 amebeba huzuni ya msiba ambao mhusika wake hajaambiwa bado.

Kosa jingine ni kucheza kana kwamba mhusika wako anajua kuwa hadithi ni ya mtu mwingine. Daktari anayetoa habari ya kifo ameshazitoa nyingi za aina hiyo. Kwa mhusika mkuu dunia imesimama, lakini kwa daktari ni siku ya kazi na kuna mgonjwa mwingine anasubiri nje. Kwa hiyo hangaika zaidi na mikono kuliko machozi. Kama unacheza nesi, jifunze kufunga bandeji mpaka uweze kuifunga huku unaongea bila kuitazama. Mtazamaji huamini kazi ya mikono kabla hajaamini maneno.

Sasa seti yenyewe. Sini ya watu wawili kwa kawaida huanza na picha pana, inafuata klozapu (picha ya karibu ya uso) ya mhusika mkuu, yako inakuja baadaye. Maana yake kitendo kilekile utakirudia labda mara 10 au zaidi. Chukua mstari huu: "Nilimwona jana, akaniambia harudi tena." Kwenye picha pana umeinua kikombe ukifika "jana", umekishusha baada ya "tena". Basi kwenye klozapu nako kiinuke kwenye "jana", kwa mkono uleule, maji yakiwa kimo kilekile. Ukikiinua kwenye "akaniambia", mhariri akijaribu kuunganisha picha hizo mbili ataona kikombe kinaruka kutoka mezani hadi mdomoni. Hatapoteza usiku mzima kukuokoa. Atabaki na uso wa mwenzako. Wasaidizi wengi wanaolalamika kwamba wamekatwa wamejikata wenyewe namna hii. Yupo mtu wa mwendelezo anayeandika haya yote, muulize kabla ya teki, yaani kila mara kamera inaporekodi sini, hatachoka nawe. Na dawa nyepesi kuliko zote ni kutofanya mengi: usishike kitu ambacho huwezi kukishika vilevile mara kumi.

Kikombe hicho kishushe pia kwenye kimya, siyo juu ya neno la mwenzako, kwa sababu kishindo kikishaingia kwenye sauti yake hakitoki kirahisi. Sini ya kula ina mtego wake. Ukimega tonge kubwa kwenye teki ya kwanza, utalimega hilohilo mpaka jioni. Mega dogo, na omba ndoo ya kutemea, hakuna atakayekushangaa.

Alama ya kusimama huwa utepe sakafuni. Usiitafute kwa macho, kamera inakuona. Simama juu yake, rudi kinyumenyume ukihesabu hatua hadi unapoanzia, halafu njoo mbele kwa idadi ileile. Fokasi (ukali wa picha) imepimwa pale, na kwa lenzi ndefu, ile inayovuta vya mbali, hatua moja ya ziada inatosha kuutia uso wako ukungu.

Wakati wa klozapu ya mwenzako utakaa kando ya kamera, karibu na lenzi kadiri utakavyoelekezwa, na utampa mistari kwa dhati, si kwa kusoma soma tu. Acha upenyo mdogo wa kimya kabla ya kuingia, sauti zenu zisipandane. Ila usimalize nguvu zote hapo. Zamu yako ikifika mara nyingi saa zimekwenda, mwanga unaisha, na unaweza kupewa teki 2 tu. Muulize mpiga picha fremu inaishia wapi. Ikiwa ni kifuani, punguza mtikisiko wa kichwa kwa nusu. Ukimaliza mstari wa mwisho endelea kuwa mhusika mpaka usikie "kata", kwani sekunde zile ndizo mhariri huziwinda anapohitaji uso unaosikiliza.

Kwa usaili wa video: simu iwe ya kulala, fremu toka kifuani kwenda juu, ukuta mtupu nyuma, mwanga mbele yako, na anayekusomea mistari akae kando ya lenzi aongee chini kuliko wewe.

Kwenye mkataba tazama idadi ya siku, malipo ya saa za ziada, jina lako litaandikwaje, na kama utalipwa hata sini ikiondolewa. Siku za kurudi studio kuingiza sauti upya zitajwe humo, la sivyo utaitwa bure. Omba pia ruhusa ya maandishi ya kutumia vipande vyako kwenye video ya kujitangaza baada ya kazi kutoka. Kuvidai baadaye ni kazi kubwa. Nywele na ndevu usiziguse hata baada ya siku yako ya mwisho, mpaka prodyuza athibitishe kwamba hakuna cha kurudiwa.